Mume Wangu Alisema Picha za Kidoti Zimefutika

Fundi alibofya mara moja tu... binti yangu aliyekufa akatokea kwenye skrini, anacheka, mdomo umejaa povu la dawa ya meno.

Sikulia, jamani. Nilikaa tu.

"Dada, vipi? Unamjua huyu?"

"Mwanangu."

Ngoja niwaeleze. Kidoti alitutoka akiwa na miaka minne. Wiki mbili baada ya mazishi, mume wangu akaniambia Windows imeharibika, picha zote zimepotea, ameweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Nikaamini. Mwaka mzima!

Siku hiyo nilimpelekea fundi kompyuta kwa sababu ilikuwa inalalamika diski imejaa.

"Diski ni gigabaiti mia tano," akasema. "Linux imepewa mia tu. Sehemu ya Windows ipo, dada. Haijafutwa, ila haifunguki mpaka uifungue mwenyewe."

Akaandika mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio. "Sasa kila ukiwasha, itajifungua yenyewe."

Akaiwasha upya. Akabofya. Ndipo nikamwona.

Nilirudi nyumbani, nikaiweka mezani mbele ya mume wangu.

"Uliniambia zimefutika."

Akageukia dirishani.

"Baba Kidoti, nakusemesha!"

"Ulikuwa huli," akasema. "Huogi. Unaangalia video zake kutwa. Niliogopa nitakuzika na wewe."

"Kwa hiyo ukaniibia mwanangu?"

Akainamisha kichwa. Nikaitafuta hasira, sikuipata. Mwili wote ganzi, kama nimechomwa sindano.

Nikaendelea kufungua mafolda. Moja lilikuwa na maandishi tu, hakuna picha. Faili zaidi ya mia tatu! Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile ile.

Nikajua sasa nimemnasa. Ana mtu!

Nikaifungua.

"Kidoti, jana mama yako kacheka. Mara moja tu, lakini kacheka. Nataka kumwonyesha picha zako, naogopa. Nisaidie, mwanangu. Baba."

Kila asubuhi, kabla sijaamka, alikuwa anakaa pale anamwandikia mtoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, Mama Kidoti?"

Sijui kama nimemsamehe. Nilivuta kiti, nikakaa karibu yake, tukazisoma kuanzia ya kwanza.

Wewe unayesoma hapa, usimfichie mwenzio msiba wake ukidhani unamwokoa. Mtaishia kulia nyumba moja, kila mtu peke yake.