Nilisema "Amina" Wakati Nyumba Yangu Ikipewa Mwanamke Mwingine

"Vua viatu, dada. Usinichafulie kapeti."

Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza! Mume wangu alikuwa amezima simu wiki tatu, nikavumilia. Nilikuwa nimesikia mtoto mdogo akikohoa chumbani, nikavumilia pia. Lakini kapeti...! Kapeti niliyoinunua mimi, nikaikunja mimi, nikaifunga kamba kwa goti langu nikiwa Saudia, leo naambiwa nisiikanyage?

Sikuvua. Niliingia na vumbi lote la mji wa Salama, nikaizunguka hiyo kapeti kona zote nne, polepole, nikipangusa soli. Halafu nikapanda juu ya sofa na viatu vyangu na nikaanza kushusha mapazia.

Msinihukumu kabla hamjasikia.

Nina miaka ishirini na saba. Nilizaliwa Kyuso, kule ambako mvua ikikosa, ndengu zinakauka na watu wanabaki kuuza mbuzi. Nilimaliza kidato cha nne, alama zikakataa. Nikaolewa na Kyalo, mwanamume wa Kilungu, fundi wa magurudumu ya malori hapo Salama. Alipeleka kwa baba yangu zile mbuzi tatu za ntheo. Kwetu Wakamba, bila mbuzi hizo wewe si mke wa mtu, hata mkae pamoja mpaka mvi ziote. Tukapata binti, Mwende.

Tuliishi chumba kimoja cha mabati. Mtoto alilala katikati yetu, na usiku akigeuka sote tunageuka. Alipofika miaka minne aliniuliza, "Mama, mimi nitapata kitanda lini?"

Swali hilo ndilo lililonipandisha ndege.

Tulikubaliana hivi: mimi niende Saudia miaka miwili kufanya kazi za nyumba. Kyalo apange nyumba ya vyumba viwili hapo Salama, nami niijaze vitu kidogo kidogo. Ikiwa tayari, Mwende atoke kwa susu, nyanya yake, Kyuso aje aanze shule. Mpango mzuri, ama sivyo? Hata ninyi mngekubali.

Kazi ya kule sitaisimulia, walioifanya wanaijua. Nitasema tu kwamba kila kitu kilichoingia katika ile nyumba nilikipigia magoti. Madam alipobadilisha sofa, nilimwomba zile kuukuu. Alipotaka kutupa friji ndogo, nilimwomba. Kitambaa cha mapazia nilinunua mwenyewe, nikashona kwa mkono siku zangu za kupumzika. Pindo nililimalizia kwa msuko ambao mama alinifundisha wa kufunga mdomo wa kiondo. Msuko ule kila mwanamke ana mkono wake. Ukiweka viondo hamsini mbele yangu, cha mama yangu nitakitoa nimefumba macho.

Na kitanda... Kitanda cha mbao nyeupe, kidogo, chenye maua ubavuni! Hicho nilikifunga kwa mablanketi matatu ndani ya kago ya meli kama mtu anayefunga mtoto mgongoni.

Vitu vilipofika, Kyalo alinipigia. Nyumba haijaombewa, alisema, na kwetu mtu halali katika nyumba ambayo haijaombewa. Pastor amekubali kuja Jumapili na akina mama wa kanisa. Shida ni moja: nani atasimama mlangoni kupokea wageni? Mwanamume hawezi kupokea akina mama na kuwatilia chai kama mjane.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilisema, "Mwambie Ndinda asimame badala yangu."

Ndinda alikuwa rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Bwenini alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Alikuwa anauza machungwa ya Kilungu hapo kwa barabara. Nilipoondoka alilia kuliko mama yangu! Ningemwogopa vipi?

Siku ya maombi Kyalo aliinua simu nione. Mimi nilikuwa chumba cha kupigia pasi, simu nimeiegemeza kwa rundo la mashuka. Nikaona mapazia yangu. Nikaona akina mama wamejaa. Nikamwona Ndinda mlangoni, amefunga leso kiunoni, anatabasamu. Pastor akaweka mkono juu ya kichwa chake, akasema, "Bwana, mbariki mama wa nyumba hii. Aijaze watoto. Adui asimwondoe hapa."

Watu wote wakasema amina.

Na mimi nikasema amina! Kwa sauti! Nilifuta machozi ya furaha kwa shuka la madam. Nani mwingine duniani ameombewa kufukuzwa kwake na akaitikia?

Pastor hakujua. Hakuna aliyemwambia kwamba yule anasimama kwa niaba ya mtu. Kyalo alinyamaza na Ndinda alinyamaza. Kuanzia siku hiyo, ploti nzima ilimjua kama mama wa nyumba. Hata mwenye ploti aliandika jina lake katika kitabu cha wapangaji.

Mimi niliendelea kutuma vitu. Kila nikiuliza mbona Mwende bado yuko Kyuso, Kyalo alisema hakuna wa kumpokea akitoka shule, tukungoje wewe. Nilitumiwa picha ya kitanda kimetandikwa vizuri. Kitupu. Nikaona ni mume mwangalifu!

Nikarudi. Aliniambia nipite kwanza Kyuso nipumzike, atakuja kutuchukua. Wiki ya kwanza, simu haishikwi. Ya pili, imezimwa. Ya tatu nikamshika Mwende mkono, tukaenda.

Pale kwenye ploti mama mmoja anayefua alinitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Wewe ndiye mfanyakazi mpya wa Mama Nyumba? Karibu. Mtoto wake anasumbua kidogo lakini yeye ni mtu mzuri."

Nikacheka. Nilidhani amekosea mlango...

Ndinda ndiye aliyefungua. Hakushtuka! Alimwangalia Mwende, akaniangalia, akasema lile neno la viatu. Ilikuwa kama ameliweka tayari.

Nilipokuwa nimeshusha pazia la pili, Mwende alikuwa ameshaingia chumbani. Nikamsikia akiuliza, "Mama, hiki ndicho kitanda changu?"

Ndinda akamkimbilia. "Shhh! Usimwamshe mwanangu, nimembembeleza sasa hivi."

Ndani ya kitanda cha maua kulikuwa na mvulana wa karibu mwaka mmoja. Masikio ya Kyalo. Kidevu cha Kyalo. Aiii, mwaitu, mama yangu!

Mwende hakulia. Alirudisha blanketi vizuri kwa yule mtoto, akaja akasimama kando yangu. Mnajua uchungu wa kuona mtoto wako ana adabu kuliko watu wazima?

Hapo ndipo nilipopiga kelele mpaka ploti ikajaa. Ndinda naye akapiga zaidi: "Mwizi! Anabeba mapazia yangu!" Mwanamume mmoja akaninyang'anya pazia. Mwenye ploti akaja na kitabu chake. "Mimi namjua Ndinda. Aliombewa hapa mbele yetu sote. Wewe ni nani?"

Mimi ni nani! Mbele ya vitu vyangu!

Nikageuza pindo la pazia. Nikawaambia, "Mwambieni huyu Mama Nyumba ashone msuko huu hapa mbele yenu. Shona, Ndinda! Sindano iletwe!"

Yule mama wa kufua alilishika pindo, akalipapasa, akasema taratibu, "Huu ni mkono wa watu wa kusuka viondo. Ndinda, wewe si ulituambia ulinunua dukani?"

Ndinda akaangalia chini. Kyalo alifika akikimbia, mikono imejaa grisi. "Mama Mwende, tulia. Haya mambo tuyamalize nyumbani."

"Nyumbani wapi, Kyalo?"



Ninyi mlio nje mnaotuma makochi na sufuria, nisikilizeni. Rudini mpokee vitu vyenu wenyewe. Msikubali mtu asimame mahali penu hata kwa saa moja, hata awe mlilala naye bweni moja. Na nyumba ikiombewa, ulizeni inaombewa kwa jina la nani kabla hamjasema amina! Watu wa kanisa wananiambia nisamehe. Nitasamehe vitu vikishapakiwa. Kwa sasa moyo wangu hautaki msamaha, unataka lori.

Asubuhi iliyofuata nilienda kwa chifu na karatasi za kago zenye jina langu. Hii ndiyo barua niliyoandika, na imepigwa muhuri:

Kwa Chifu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KYALO NA NDINDA

Mimi Mumbua, mke wa Kyalo, nalalamika kwamba nyumba niliyoijaza vitu kwa miaka miwili imepewa mwanamke mwingine kwa hila. Orodha ya vitu na karatasi za kago nimeambatanisha.

Naomba vitu vyangu vyote vitolewe mchana, watu wakiona. Naomba akina mama waliokuja kwa maombi waitwe washuhudie, na Pastor asimame mlango ule ule aseme nyumba iliombewa mtu asiye mwenyewe.

Mbuzi za ntheo zilipelekwa kwa baba yangu Kyuso. Kwao Ndinda hakuna hata kwato iliyofika. Kwa hivyo naomba aache kuitwa Mama Nyumba mbele ya ofisi yako.

Mume simdai. Ndinda abaki naye. Mtoto wao hana kosa, blanketi aachiwe.

Lakini kitanda kitolewe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mwenyewe nimekuja naye. Ana miaka sita na yuko hapo nje kwenye benchi, anangoja.