Kiti cha Upande wa Pili

Farasi mweusi hakuwa pale alipoachwa.

Fundi wa meno ya bandia aliliona jambo hilo akiwa na mswaki mdomoni, amesimama mbele ya meza ya chakula, ambako ubao wake wa sataranji ulikuwa umelala usiku kucha. Jioni alikuwa ameacha mchezo njiani: weupe wamecheza, weusi bado. Sasa weusi walikuwa wamejibu. Farasi alikuwa ameruka kutoka ukingoni, akatua mahali pazuri, akaikodolea macho katikati ya ubao kama mtu aliyewahi kiti cha mbele mkutanoni.

"Umegusa kete zangu?" alimwuliza mkewe.

"Nizigusie nini? Vichwa vya watu vinanitosha." Mkewe alikuwa msusi, na vidole vyake vilisifiwa mtaa mzima kwa wepesi. Asubuhi hiyo alikuwa akivinyoosha kimoja kimoja. "Ila nimeota naosha mikono kwenye maji ya baridi. Nimeamka vidole vinauma."

Fundi alicheka, akatema povu, akasahau. Au alijifanya amesahau, maana alijua alichokitamka jana yake mbele ya ubao ule, na aliona haya kukirudia.

Jambo lenyewe lilianzia klabuni. Klabu yao ya sataranji ilikutana kila Jumamosi mchana, ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Huko walimwita Bwana Meno. Hakuwa mchezaji mbaya. Mzuri pia hakuwa. Kasoro yake ilikuwa mwanzo wa mchezo. Alikariri funguzi za vitabuni kama kasuku, akizitaja hatua kwa hatua huku akichonga nta ya meno kazini, na ubaoni alizimwaga bila kupumua. Lakini mpinzani mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa amegundua dawa yake. Mchezo ukianza kunoga, Dereva alisogeza askari wa pembeni kabisa, kete ndogo isiyo na kazi, hatua isiyokuwemo katika kitabu chochote. Hapo Bwana Meno alipotea kama mtu aliyezimiwa taa akiwa katikati ya ngazi.

"Kitabu kimeisha kurasa!" Dereva alikuwa akisema. "Nikuwashie king'ora, Bwana Meno, au utafika mwenyewe?"

Ukumbi mzima ulicheka. Naye alicheka nao, masikio yakimwaka.

Katibu wa klabu, mama mmoja mkavu wa maneno, alimwita kando. "Wewe unakariri nyayo, safari huijui. Kila kete ina mahali inapotaka kwenda, iulize. Cheza peke yako nyumbani. Ukishacheza weupe, inuka, zunguka meza, kaa kiti cha upande wa pili, uwe adui yako kwa moyo wote. Lakini uinuke, sawa? Ukicheza pande zote umekaa hapo hapo, utajidanganya tu."

Bwana Meno aliinuka siku za kwanza. Kisha ikaja jioni ambayo mgongo ulimuuma kwa kuinamia kalibu za plasta, na kiti cha upande wa pili kikaonekana kiko mbali kama ng'ambo ya mto. Kilikuwa kiti cha mkewe. Akakinyooshea mkono, nusu utani, nusu uvivu, akasema, "Cheza wewe basi. Karibu." Akaenda kulala.

Aliyekaribishwa alikaribia.

Kila jioni fundi alicheza hatua yake, kila alfajiri alikuta jibu. Halikuwa jibu la kitabuni. Akimtoa malkia mapema, alikuta askari mdogo amemkemea, na malkia anarudi nyumbani kwa aibu. Akisogeza kete moja mara mbili, alikuta mwenzake ametoa mbili kwa muda ule ule. Akichelewa kumficha mfalme nyuma ya ngome, alikuta mlango umekwisha funguliwa. Taratibu alianza kuona kile ambacho vitabu havikumwonyesha: kwamba ufunguzi ni kugombea uwanja wa katikati, na anayejua anachogombea hahitaji kukariri. Chumba nacho kilianza kunuka plasta mbichi, ile ya kazini kwake, lakini ya baridi, kama pumzi ya kinywa kilichofungwa miaka mingi. Na kabla ya mapambazuko, akiwa kitandani, alisikia kitambaa cha chini ya kete kikisugua ubao. Sss. Kimya. Sss.

Klabuni alianza kushinda. "Jamani, Bwana Meno ameota meno!" walisema, na safari hii masikio yake yaliwaka kwa raha. Katibu akatangaza kwamba kiti cha mwisho cha timu ya klabu kitagombewa na wawili, yeye na Dereva.

Nyumbani, mkewe alikuwa ameanza kula amesimama.

"Mbona hukai?"

"Kiti kina joto," alinong'ona. "Kama mtu ameinuka sasa hivi."

"Ni jua la dirishani."

Dirisha lilikuwa kwenye ukuta mwingine kabisa. Wote wawili walilitazama.

Kisha ikaja alfajiri ile. Bwana Meno aliamka akakuta upande wa mkewe umepoa, akatembea pekupeku hadi mlangoni pa chumba cha kulia, na katika mwanga hafifu wa kijivu akamwona mkewe amekaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka kuliko ulivyowahi kunyooka, macho wazi yasiyoona, kinywa kimefumba, na mkono wake wa kulia, mkono uliosuka nusu ya vichwa vya mtaa, ukiwa umeinuka juu ya ubao bila bega kuusaidia, ukining'inia kama kitu kilichoshikwa kutoka juu, vidole vitatu vikiwa vimekusanyika kama vya mtu anayeokota kete, vikishuka, vikigusa, vikisogeza, sss, na harufu ya plasta ikamjaa puani mpaka akahisi meno yake mwenyewe yamekuwa ya mtu mwingine.

Mume mwingine angepiga kelele. Mume mwingine angemkumbatia, angeipindua meza. Bwana Meno aliutazama ubao, akaona askari wa pembeni amesogezwa. Hatua ya Dereva. Alitaka kujua jibu lake.

Akavuta kiti, akakaa, akacheza.

Walicheza hadi kukapambazuka, na alfajiri iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Kila mara alimwongoza mkewe kitandani, akamfunika. Na mkewe alipoamka akilalamika mkono, alimpaka dawa ya kuchua kwa upendo, bila kumtazama usoni.

Mkono ukaendelea kufa ganzi. Chanuo kilimdondoka. Siku moja msusi alimaliza kichwa cha mteja, mteja akajitazama kiooni, akalia: mistari yote ilikwenda mbele kidogo, kisha ikakata kona, mbele tena, kona tena, mwendo wa farasi kichwani pa mtu. Mwenye saluni akamwambia apumzike mpaka apone. Usiku huo msusi alilia. "Mkono huu ndio mimi," alisema. "Ukiniacha, nimebaki nini?"

Ndipo shangazi yake akaja, mwanamke mfupi aliyejulikana kwa kuwatoa wasioonekana majumbani mwa watu. Hakukaa kwenye kiti kile. Alikinusa, akamtuma mpwa wake dukani, akamgeukia fundi.

"Ulimwambiaje?"

"Nani, shangazi?"

"Mkwe wangu, mimi si mteja wako wa meno. Usinichonge. Ulimwambiaje?"

Bwana Meno akajibu kwa sauti ndogo, "Nilimwambia cheza. Nilimwambia karibu."

"Huyu hana mikono. Umemkaribisha mchezoni, akaazima mkono uliokuwa karibu. Mwezi ukiandama kabla hajatoka, mkono utakuwa wake." Shangazi alishusha sauti zaidi, kama anayeogopa kusikiwa na meza. "Aliyeingia kwa ulimi hutoka kwa ulimi. Nenda mbele ya hao uliowashinda, mlaze mfalme wako, useme yote. Yote. Ukibakiza hata chembe, umemwachia pa kukalia."

Jumamosi, siku ya kugombea kiti cha timu, ukumbi ulijaa. Dereva alicheza akitabasamu, na ilipofika hatua yake ya siku zote akamsogeza askari wa pembeni. "Haya, kurasa zimeisha?"

Hazikuwa zimeisha. Bwana Meno alilijua jibu, alijua na jibu la jibu, na baridi ilikuwa imemshika kifundo cha mkono ikimvuta kuelekea ushindi. Alitamani kiti kile cha timu kama mwenye kiu atamanivyo maji. Akaikumbuka sauti ya mkewe usiku ule. Akamshika mfalme wake, akamlaza.

"Nimeshindwa," alisema. "Na michezo yote niliyoshinda, sikushinda mimi."

Wakacheka, kisha wakasogeza viti karibu. Aliwaambia uvivu wake, kiti, na lile neno "karibu" alilolitamka. Aliwaambia kuhusu harufu, majibu ya alfajiri, mkono wa mkewe ulioazimwa. Nyuso zilikuwa zikimtazama, na uso wa Katibu, mwanamke mtu mzima, ulikuwa mgumu kuliko zote.

"Na ulipomkuta mkeo mezani," Katibu aliuliza, "ulifanya nini?"

"Sikumkuta," alijibu. "Nimekuja kujua baada ya shangazi kuniambia."

Neno lilitoka laini kama jino lililong'arishwa.

Kete zikatikisika ubaoni, baridi ikamwachia kifundo. Dereva akamshika bega. "Pole, ndugu yangu. Mimi yule askari humsogeza kwa sababu sijui ufunguzi hata mmoja."

Alirudi nyumbani mbio. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shangazi chini mbele ya magoti yake, na vidole vikiruka nyweleni kama zamani, vyepesi, vyenye furaha. Harufu haikuwepo. Bwana Meno aliegemea mlango, machozi yakamtoka.

"Umerudi," mkewe alisema, akisuka bila kuinua macho. "Mkono umefunguka ghafla, kama kamba iliyokatwa. Umesema yote?"

"Yote, mke wangu."

"Kuna ndoto inanijia. Naona mtu amekaa mbele yangu gizani, nashindwa kumwita. Nahisi ananiona." Akakaza msuko. "Uliwahi kuniona?"

Angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, na maneno yalikuwa matatu tu: nilikuona, nikakaa, nikacheza.

"Sikuwahi," alisema.

Ng'ambo ya meza, kiti ambacho yeye mwenyewe hukikalia kililia polepole, kama mtu aliyekwisha inuka kwenda zake akabadili nia, akakaa.

Shangazi hakugeuza kichwa. "Mkwe wangu," alinong'ona, "umebakiza nini?"

Lakini Bwana Meno alikuwa akiutazama mkono wa mkewe. Ulikuwa umeziacha nywele katikati ya msuko. Uliinuka bila bega kuusaidia, vidole vitatu vikakusanyika, ukabaki hewani, ukimsubiri acheze.