Sauti Kutoka Kanazawa

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mwaka 2016, ofisi ya mizigo ya Muhanna pale Naif, Deira, ilikuwa imejaa watu mpaka mlangoni. Wanawake wa Kampala walikalia mabegi yao, Wakenya walibishana juu ya foleni, na wapakiaji walipita na maboksi mabegani wakisema "yalla, yalla" kwa kila aliyewazibia njia. Katikati ya vurumai hiyo alisimama Loise, msichana wa Nyahururu aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Al Garhoud. Alivaa sketi ndefu ya samawati na blauzi nyeupe, nywele amezifunga kwa kitambaa cha manjano.

"Kilo thelathini na tatu," alisema kijana wa mizani. "Boksi moja mwisho ni thelathini."

"Hebu angalia tena."

"Nimeangalia. Hata ukinikazia macho hivyo, haitapungua."

Loise alicheka bila kutaka. Kijana alikuwa mrefu, shati lake la kazi limelowa jasho mgongoni, na alizungumza taratibu kama mtu asiyeiona foleni. Jina lake Ronny, kwao Kakamega. Waliinama pamoja wakatoa sufuria mbili na jozi ya viatu vya mama yake Loise, wakazitafutia nafasi katika boksi jingine la kwenda Nakuru. Kisha Ronny akamsogezea daftari.

"Andika namba yako hapa."

"Ni namba ya mzigo au ya kwako?"

"Ya mzigo. Lakini mzigo unaweza kunituma nikusalimie."

Mzigo ulimtuma jioni ile ile.

Kuanzia hapo Ijumaa zao zikawa za wawili. Walivuka kwa abra, mashua ya abiria, hadi Bur Dubai kutazama vitambaa wasivyonunua, wakarudi Deira kula chapati na maharagwe kwa mama mmoja wa Kiganda. Ronny alimwita "mama mzigo". Loise alimwita "mizani" akiwa na furaha, na "wewe" akiwa amekasirika.

Mwezi wa nane hoteli ilimchagua Loise kwenda mafunzo ya miezi kumi kwenye hoteli dada yake huko Kanazawa, Japani. Alimpa Ronny habari hiyo wakiwa kituo cha basi, akitazama chini.

"Miezi kumi ni mingi," alisema.

"Ni mingi. Utakwenda lakini."

"Ungesema nisiende?"

"Ningekuwa mjinga."

Ronny alimsindikiza uwanja wa ndege mwezi wa tisa, mwanzoni. Dubai simu za WhatsApp hazikuwa zikiingia, kwa hiyo walitumiana sauti. Ronny alizisikiliza wakati wa chakula cha mchana, ameketi ndani ya kituo cha basi chenye kiyoyozi, simu imebanwa sikioni.

"Ronny, huku watu wanakaa kimya kwenye treni kama wako kanisani. Jana simu yangu iliita, nikatamani niimeze."

"Leo nimewaona watoto wa darasa la kwanza wakienda shule peke yao, wana kofia za manjano. Hakuna mama, hakuna shangazi. Gari likisimama wavuke, wanaligeukia na kuliinamia. Na mimi nimeambukizwa. Leo nimemwinamia mtu kwenye simu."

"Nilisahau mwavuli kwenye basi. Nimekwenda kuuliza, nimeukuta umekunjwa, umefungwa na kikaratasi chenye tarehe. Nilisimama pale kama nimefiwa. Mizani, nilitaka kukuonyesha."

Ronny alicheka peke yake, na wazee wa Kipakistani waliokuwa kwenye benchi wakamwangalia.

Majira ya baridi yalipoingia, sauti ya Loise ilibadilika.

"Kando ya barabara kuna mashine inayouza chai ya moto kwenye makopo. Nanunua mbili, naziweka kwenye mifuko ya koti, natembea nimezishika mpaka zipoe. Sizinywi. Watu wa huku ni wema, Ronny. Nikipotea wananisindikiza mpaka mlangoni. Lakini hawashikani mikono. Ni miezi mitatu sasa hakuna mtu aliyenigusa. Nitumie kelele."

"Kelele gani?"

"Yoyote. Huku nasikia hata theluji ikidondoka kutoka kwenye paa."

Basi Ronny akawa anamrekodia Deira: honi, adhana, wapakiaji wakitupiana maneno, Muhanna akigombana na dereva. Loise alizisikiliza kwenye godoro lake la sakafuni, amejifunika mpaka kidevuni, macho ameyafumba.

Mwezi wa tano wa 2017 Muhanna alishindwa na biashara. Aliwaita wafanyakazi sita, akawaambia kwa aibu kwamba khalas, anafunga, na visa zao zitafutwa baada ya mwezi mmoja. Ronny alizunguka Deira na Al Garhoud na karatasi zake. Kila mahali aliambiwa inshallah, watampigia.

Ronny hakumwambia Loise. "Akijua ataacha mafunzo," alijiambia, na huenda ilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba aliona haya. Sasa alikuwa akirekodi sauti akiwa kitandani, katika chumba cha watu wanane ambao wote wamekwenda kazini.

Loise aliligundua hilo siku ya pili.

"Uko wapi siku hizi? Sisikii mtaa."

"Niko kazini tu, mpenzi."

"Kazini gani kusiko na mtu?"

"Leo kumepoa."

Palikuwa pamepoa jana yake pia, na juzi. Loise alisikia ukimya wa chumba, akakisikia kitanda kikilia, na akaanza kumwona mwanamke aliyekaa upande wa pili wa kitanda hicho. Hakuuliza tena. Siku hiyo hiyo msimamizi wake alikuwa amempa barua: wakimhitaji abaki Kanazawa miaka miwili zaidi, angekubali? Wiki moja mapema angemtumia Ronny sauti kabla hata ya kumaliza kuisoma. Sasa aliikunja, akaiweka chini ya mto. Wakapitisha siku kumi na tisa bila neno. Kila mmoja alifungua simu akatazama jina la mwenzake, akaifunga.

Mwishowe Loise alimwandikia Cissy, Mganda aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja Al Garhoud: nenda kwa Muhanna uniangalizie. Jibu la Cissy lilikuja jioni.

"Dada, pale pamefungwa, kuna kufuli. Nimemtafuta mpaka kwake. Hana mwanamke, hana kazi, hana visa. Amekonda. Ana tiketi ya Nairobi ya tarehe nane, siku ile ile unayorudi."

Loise hakujali gharama. Alimpigia Ronny simu ya kawaida.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo."

"Nimelia wiki tatu kwa sababu ya mwanamke ambaye hayupo."

"Nilitaka ukirudi unikute mtu mzima," Ronny akasema.

"Nilitaka nikirudi nikukute. Basi."

Tarehe nane, mwezi wa saba, Loise alitoka uwanja wa ndege saa kumi na mbili asubuhi. Alivaa koti jeusi alilosahau kulivua, na Ronny, aliyekuwa na begi moja na shati la bluu lililopigwa pasi, alimwona kabla hajaonwa. Ndege ya Ronny ilikuwa saa tano. Loise aliacha toroli katikati ya njia, akamshika mikono yote miwili, akaishikilia. Watu wakawazunguka na mizigo yao.

Waliketi kwenye viti vya chuma. Loise akamweleza kuhusu barua, na kwamba anatakiwa kujibu kabla ya Jumapili.

"Kubali," Ronny alisema.

"Sijakuuliza nikubali au nikatae. Nakuuliza kama utaningoja."

"Miaka miwili?"

"Miwili."

Ronny alitazama ubao wa safari kwa muda mrefu.

"Sitakungoja nikiwa nimekaa," alisema. "Nikifika sipitii kwetu. Nakwenda kwenu kwanza."

"Na utawaambia nini?"

"Kwamba nakutaka uwe mke wangu. Kama wewe unataka."

"Nataka," Loise alisema, kwa sauti ndogo.

Saa tatu Ronny aliingia ndani. Loise alisimama mpaka shati la bluu likapotea, kisha akaenda kutafuta metro, amelibeba koti mkononi.

Siku nne baadaye alikuwa mapokezini Al Garhoud, akimalizia wiki tatu zilizobaki kabla ya kurudi Kanazawa, simu ilipotetemeka. Alikuwa baba yake.

"Loise, kuna kijana hapa. Amekuja peke yake, hana hata mzee mmoja. Neno la kwanza ameniambia hana kazi. Sijawahi kuona mtu akija kuomba binti namna hiyo."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nimwambie nini?"

Loise aligeukia ukuta ili wageni wasimwone uso.

"Mwambie akae, baba," alisema. "Apewe chakula. Ametoka mbali."