Nilichotiliwa Kwenye Kinywaji Siku ya Mashindano

Chuma kilikuwa juu ya kichwa changu nilipoacha kuona.

Sisemi nilifumba macho, jamani. Niliacha kuona!

Ukumbi mzima ukawa giza kichwani mwangu tu. Watu wanapiga kelele, waamuzi wako mbele yangu, na mimi nimesimama na chuma kizito kuliko mwili wangu, mikono inatetemeka kama ya mgonjwa wa homa.

Moyo? Usiniulize. Ulikuwa unapiga, unaruka, unanyamaza... halafu unaanza tena kwa hasira.

"Achia! Jeki, achia!!"

Nikaachia. Nimechelewa.

Chuma kilinipiga begani kikishuka. Nikasikia kitu kinalia *ko!* ndani yangu. Ulikuwa mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua.

Nikaenda chini na chuma changu.

Kwa msionijua: mimi ni mwanamke, mnyanyuaji wa vyuma vya uzito. Mtaani wananiita Jeki, ile ya kunyanyulia gari. Jina nilipewa kwa kejeli, nikalivaa, likanikaa.

Sina mama. Nimelelewa na dada yangu mkubwa, msusi. Kila nikishindana anafunga saluni yake, ananibebea begi, anakaa mstari wa mbele na kupiga vigelegele mpaka waamuzi wanamkodolea macho.

Na nilikuwa na kocha. Mwanamume wa maneno machache. Nilimwamini kama baba.

Nilimwamini!!

Hospitali nilizinduka na waya kifuani na mkono umefungwa. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, akavuta kiti.

"Umekunywa kahawa kiasi gani leo?"

"Sinywi kahawa."

"Chai ya rangi? Vile vinywaji vya kuongeza nguvu?"

"Daktari, nikinywa kikombe kimoja moyo unanienda mbio. Tangu shule sigusi."

Akaniangalia. Akaangalia karatasi yake. Akaniangalia tena.

"Damu yako imejaa kafeini, binti. Nyingi. Moyo wako ulipoteza mpangilio. Una bahati chuma kilipiga bega, hakikupiga shingo."

Dada aliyekuwa amesimama pembeni akaangua kilio.

"Wamemtilia! Wamemtilia mdogo wangu!"

Na mimi nikajua ni nani. Nilikuwa na uhakika kabisa!

Nyundo.

Nyundo ndiye mwanamke mpinzani wangu. Tumekuwa tukipokezana ushindi miaka yote, na salamu yetu ni ya kutikisa kichwa tu. Siku ile chupa zetu zilikaa benchi moja kwenye chumba cha kupasha misuli. Mimi nimeanguka, yeye kachukua dhahabu. Mnataka ushahidi gani tena?

Kesho yake nani anaingia wodini? Nyundo mwenyewe! Kashika viatu vyangu vya mazoezi.

"Toka!" nikamwambia.

"Nimekuletea vi..."

"Toka kabla sijakutupia hii chupa ya maji! Umeniwekea nini kwenye kinywaji changu?"

Viatu vikabaki hewani. Uso ukambadilika.

"Mimi?"

"Wewe!"

"Jeki, mimi nikitaka kukushinda nanyanyua chuma. Unga kakuwekea kocha wako. Nimemwona kwa macho yangu akimimina kwenye chupa yako. Nilidhani unajua!"



"Unga gani?"

"Wa kafeini. Wengi wetu tunautumia. Hata mimi, kidogo, na najua ninachokunywa."

Akaweka viatu chini ya kitanda, akaondoka bila kugeuka.

Nikampigia kocha. Akaja mchana, kashika matunda kama mtu anayekuja kumwona mzazi.

"Uliniwekea kafeini?"

Hakukana! Hata aibu ya kudanganya hakuwa nayo.

"Kijiko kidogo tu. Mbona nimeanza zamani?"

"Zamani lini?"

"Unakumbuka ulipokwama, kilo haziongezeki? Halafu ghafla zikaanza kupanda? Ulidhani ni nini?"

Ndugu zangu... hapo ndipo kitu kilinikatika ndani, na hakikuwa mfupa.

Zile kilo! Nilizililia, nilizifurahia. Nilirudi nyumbani nikamkumbatia dada nikamwambia sasa nimeiva. Kumbe kuna mtu kando ananikoroga kama rangi ya ukuta!

"Nilikwambia siku ya kwanza kwamba sipatani na kahawa."

"Mazoezini ulikuwa sawa. Nilikuwa nakupima taratibu."

"Unanipima? Mimi ni mizani?"

"Punguza sauti. Kafeini haijakatazwa mashindanoni. Nimevunja sheria gani?"

"Umenivunja MIMI!"

Dada alikuwa kanitangulia. Alishamkamata kocha kola.

"Mwuaji! Mtoto wa watu unamfanya panya wa maabara! Toka! Beba na matunda yako!"

Akamsukuma mpaka kwenye ngazi. Wodi nzima ilimsikia. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wangu duniani.

Jioni daktari akapita. Nikamweleza kila kitu. Akatoa kikaratasi, akapiga hesabu zake, akakunja uso.

"Kijiko kidogo? Ana uhakika?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi haitoshi. Sikiliza. Kafeini ya kiasi huwasaidia wanyanyuaji wengi, uchovu unachelewa, misuli inaitika haraka. Lakini miili haifanani, na wako ni mwepesi kuipokea. Hata hivyo, kijiko alichosema hakiwezi kuifikisha damu yako pale nilipoikuta. Labda anadanganya. Au umepata kafeini kutoka sehemu nyingine."

"Sikula kitu kingine. Nilikunywa juisi tu, asubuhi, nyu..."

Sikumalizia.

Nikageuza shingo taratibu. Dada alikuwa anakunja kanga yangu. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Midomo mikavu.

"Dada."

"Mh."

"Juisi ulitengeneza wewe."

Daktari akafunga faili lake, akatoka. Nadhani alishaelewa.

"Dada! Nitazame!"

Akaketi chini, sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilisaga vidonge..."

"Vidonge gani?"

"Vile wanavyomeza madereva wa safari ndefu wasisinzie. Mteja wangu ndiye aliyeniambia. Mwanawe ananyanyua vyuma, anavimeza, anafanya vizuri. Mimi sikujua kocha naye anakuwekea! Naapa sikujua!"

"Ulijua kahawa inanifanya nini. Wewe ndiye uliyekuwa unanipepea nikiwa mdogo moyo ukienda mbio. WEWE!"

"Nilidhani umekua. Nilidhani mwili umeshupaa."

"Kwa nini, dada?"

Akafuta uso kwa kanga.

"Mashindano yaliyopita ulishindwa kwa kilo moja. Ulijifungia bafuni ukalia, ukafungulia maji nisikusikie. Nilikusikia, mdogo wangu. Nikasema hatanililia tena hivi."

"Sikukuomba!"

"Ningekwambia ungekataa."

"NDIYO MAANA YA KUNIAMBIA!!"

Nilipiga kelele mpaka mtulinga ukaniuma upya. Nesi akaja mbio.

Watu wawili. Mmoja anataka sifa, mwingine ananipenda kufa. Hawajuani siri zao. Kila mmoja kapima kiasi chake, kila mmoja kasema hiki hakitamdhuru. Vikakutana tumboni mwangu, mimi nikiwa juu ya jukwaa na chuma kichwani.

Na mimi mwenye tumbo nikawa wa mwisho kujua!

Kocha nilimshtaki kwenye chama cha mchezo. Klabu ikamfukuza. Alinitumia ujumbe: "Umeniharibia kazi." Sikumjibu. Nilimtafuta Nyundo, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, maana nilimtukana mbele ya wodi. Akasema, "Pona kwanza, nikushinde vizuri." Yule mwanamke ana roho nzuri.

Lakini dada yangu...

Kocha nilimkasirikia, nikamaliza. Kwa dada hasira haikuwa na mlango wa kutokea. Mkono mmoja haufungi nywele, kwa hiyo alinisuka kila Jumapili. Nilimwacha anisuke. Sikumsemesha. Alikuwa anasuka huku machozi yanadondoka kwenye utosi wangu, na mimi nimekaza taya.

Siku moja, chanuo mkononi, akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Nikupake mafuta, au hutaki?"

Dada yangu hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo maishani. Huwa anapaka tu.

"Nipake," nikasema.

Ndipo tukaanza kuongea.

Nimerudi jukwaani mwezi uliopita, na kocha mpya. Sina unga, sina vidonge. Nilinyanyua kilo chache kuliko zile za kocha wa zamani. Nikawa wa tatu. Dada alipiga vigelegele kama nimeshinda dunia, na Nyundo akanishinda kama alivyoahidi.

Mnauliza kama nimemsamehe dada? Nampenda. Na bado nina hasira naye. Vyote viwili vinakaa humu humu kifuani, na wala havigombani kama zamani.

Wewe unayesoma, unayemwekea mumeo dawa kwenye chakula aache pombe, unayemsagia mtoto kitu ili afaulu, unayemfichia mzazi vidonge kwenye chai kwa sababu "nampenda, na nikimwambia atakataa"...

Mwambie.

Atakataa? Mwache akatae. Mwili ni wake!