Matawi Matano ya Mteremkoni

Kila Jumapili asubuhi, watoto wengine wakiwa bado wanapiga miayo, Sabra alikuwa ameshamenya nusu ya kikapu cha mihogo. Alimenya, akapasua, kisha akatandaza vipande kandokando ya barabara vikauke viwe makopa. Barabara hiyo ya kwenda Mahurunga ilikuwa ya vumbi, ila kwenye mteremko wa kitongoji chao, karibu na Ziwani, ilitiwa lami ili malori yasiteleze wakati wa masika. Lami ikishika jua huwaka kama kikaango. Makopa yaliyohitaji siku nne kwenye jamvi, pale yalikauka kwa siku mbili. Kina mama wote wa kitongoji waliipenda lami ile.

Adui alikuwa mmoja tu, naye ni mbuzi.

"Sabra!" mama yake, Bi Hadija, aliita kutoka jikoni. "Jana mbuzi wamekula ndoo nzima. Leo zungushia matawi, unasikia?"

"Nasikia, mama."

Kukata matawi maana yake ilikuwa kwenda hadi vichakani, ng'ambo ya mashamba ya mikorosho, na kurudi na miiba mikononi. Sabra alikuwa darasa la saba. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki tatu, na mwalimu wao wa hisabati, Mwalimu Magreth, alikuwa amewapa maswali arobaini ya kufanya mwisho wa juma. Sabra alikuwa amefanya tisa.

Alipoinua macho aliona matawi. Yalikuwa matano, yamelala barabarani hatua chache kabla ya kona, mabichi kama yaliyokatwa alfajiri hiyo, majani yake bado yanang'aa. Yalipangwa moja baada ya jingine, kana kwamba mtu alipima kwa miguu.

Sabra aliyajua. Mtoto gani wa kando ya barabara asiyejua kwamba tawi barabarani maana yake mbele kuna gari bovu? Na gari lenyewe alilijua pia. Tangu jana mchana, chini ya kona, kulikuwa na lori refu lililopakia nondo bandarini Mtwara, nondo za kujengea daraja huko mbele. Springi zilikatika kwa uzito. Utingo alikwenda mjini kufuata nyingine, na dereva, mtu wa makamo aitwaye Samweli, akabaki kulinda mzigo. Sabra mwenyewe alimpelekea maji ya kunywa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Mungu akuweke. Haya maji ni matamu kuliko soda."

"Mjomba, nondo zote hizi mnazibebaje?"

"Tani thelathini, binti. Hatuzibebi sisi, linazibeba gari. Nalo limechoka, unaliona limekaa chini kama ng'ombe mkaidi."

Alikuwa amecheka, na Sabra akacheka pia.

Sasa, Jumapili hii, aliyatazama yale matawi. Lori halikuonekana kutoka pale. Lilikuwa chini huko, nyuma ya kona. Matawi yalikuwa huku juu, mbali nalo, yamelala bure. Isitoshe, madereva wana tabia ya kuondoka na kuacha matawi yao barabarani hata siku tatu. Moyo ulimwambia kitu, lakini mbuzi wa jirani walikuwa wameshaanza kusogea, na maswali thelathini na moja yalikuwa yanamngoja.

Aliyakokota yote matano. Aliyapanga kuzunguka makopa, akaingia ndani kufanya hisabati.

* * *

Ilipokaribia saa tisa alasiri alisikia pikipiki ikipita kwa kasi. Aliutambua mlio wake. Mwalimu Magreth, aliyekwenda mjini tangu Ijumaa jioni, alikuwa akirudi kutoka kanisani kama kila Jumapili, akishuka kwenda nyumba za walimu kule bondeni.

Kisha akasikia breki. Kisha kishindo. Kisha kimya.

Watu walikimbia, na Sabra akakimbia pamoja nao. Pembetatu nyekundu mbili alizoweka dereva zilikuwa palepale nyuma ya lori, lakini mtu anayeshuka huziona akiwa ameshazifikia. Mwalimu alikuwa amezikwepa ncha za nondo zilizochomoza nyuma, akagonga gurudumu. Alilala kando, pikipiki juu ya mguu wake. Samweli alikuwa amepiga magoti akijaribu kuinyanyua.

"Nisaidieni, jamani! Nisaidieni!"

Mwalimu Magreth hakulia. Aliuma tu ukosi wa gauni lake la kanisani, macho yamefumbwa.

Askari wa usalama barabarani walifika baada ya mwalimu kupelekwa hospitali. Mmoja alipanda mteremko hadi juu, akashuka tena.

"Dereva, onyo lako kabla ya kona liko wapi?"

"Nimeweka matawi, afande. Matano. Nimeyakata mwenyewe."

"Matawi gani? Hakuna hata jani."

Samweli alipanda mwenyewe kuangalia. Alisimama pale juu, akageuka huku na huku kama mtu aliyepotewa na nyumba yake. Makopa ya Bi Hadija yalikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, lakini matawi yale sasa yalikuwa yamenyauka kwa joto la lami, yakafanana na uzio mwingine wowote. Nani hutazama uzio wa makopa?

"Wallahi nimeweka," alisema Samweli, ingawa hakuwa Mwislamu. Watu wakanong'ona. Mzee mmoja akasema, "Wote husema hivyohivyo." Askari wakampakia, wakaondoka naye.

Sabra alirudi kwenye makopa, akasimama kati ya matawi na barabara. 

* * *

Usiku huohuo alimweleza mama yake. Bi Hadija alisikiliza, kisha akaketi chini polepole.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hilo neno lisitoke humu ndani. Umesikia? Watasema sisi ndio tuliomvunja mwalimu mguu. Tutaishi wapi, Sabra? Tutamtazama nani usoni?"

"Lakini mjomba Samweli, mama..."

"Huyo ana tajiri wake. Atamtoa."

Kesho yake yale matawi hayakuwapo tena. Mama alikuwa ameyapikia uji. Sabra alishika kikombe cha uji ule hadi ukapoa, akaumwagia kuku.

Shuleni, darasa la saba lilikaa bila mwalimu wa hisabati. Ubaoni bado kulikuwa na mwandiko wa Mwalimu Magreth wa siku ya Ijumaa, na hakuna aliyethubutu kuufuta. Hemedi, aliyeketi dawati la nyuma na kupenda mzaha kuliko chakula, alisema, "Dereva keshafungwa. Sasa zile nondo si tugawane? Mimi najengea banda la njiwa." Wengine walicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Kisha Hemedi mwenyewe akainamia dawati. "Eti mguu umevunjika mahali pawili," alisema. "Tutafeli wote."

Jumanne likaja lori jingine, likahamisha nondo na kuendelea na safari. Lile bovu likavutwa kurudi mjini. Mteremko ukabaki mtupu, kina mama wakatandaza makopa yao kama kawaida. Sabra aliona kama kwamba jambo limekwisha, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Jumatano alisikia kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba tajiri hakumtoa Samweli. Alisema dereva mzembe hamhitaji, na leseni yake itafutwa. "Ana watoto wanne," alisema mwenyekiti, "lakini sheria haiulizi watoto."  Sabra alijua kwamba akisema, mama yake ataaibika. Asiposema, mtu aliyesifu maji yake atafungwa. Kila upande aliogeukia ulikuwa umefungwa.

* * *

Alhamisi shule iliteua wanafunzi watatu kwenda kumwona mwalimu hospitali. Sabra alikuwa mmoja wao, na Hemedi pia. Alitamani kukataa, hakupata sababu.

Mwalimu Magreth alikuwa amefungwa plasta ngumu ya mguu kutoka nyonga hadi kwenye vidole. Uso wake ulikuwa umepungua. Hata hivyo swali lake la kwanza lilikuwa, "Yale arobaini mmemaliza?"

Wanafunzi walitazamana. Mwalimu akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likakatika kwa maumivu.

"Mwalimu," aliuliza Hemedi, "yule dereva atafungwa miaka mingapi?"

"Sijui, Hemedi. Sipendi afungwe. Polisi walikuja hapa kuniuliza, na mimi nimewaambia nilichokiona: barabarani hapakuwa na tawi hata moja. Ningeona hata moja ningepunguza mwendo. Nilimwonea huruma yule baba, lakini ningesemaje kingine? Ndivyo ilivyokuwa."

 Sabra alielewa. Kumbe ukweli wa mwalimu, ukweli mtupu usio na doa, ndio uliokuwa unamfunga Samweli. Ulikosa kipande kimoja tu, na kipande hicho alikuwa nacho yeye.

"Yalikuwapo," alisema.

"Nini, Sabra?"

"Matawi. Yalikuwa matano. Niliyaondoa mimi, Mwalimu. Nilizungushia makopa. Sikutaka kwenda vichakani." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini hakuacha. "Nilijua ni ya lori. Nilijua."

Hemedi alimgeukia mdomo wazi. Mwalimu Magreth alitazama dari. 

"Tokeni nje kidogo," alisema bila kumtazama Sabra. "Mniache."

Walikaa kwenye benchi la koridoni. Sabra alijua kwamba amepoteza kila kitu: mwalimu, mama, na mahali pa kuishi. Robo saa ikapita. Muuguzi akatoka, akamwita peke yake.

Macho ya mwalimu yalikuwa mekundu. "Nina hasira," alisema. "Sitakudanganya. Nina hasira nawe, na mguu unauma. Lakini nimeshampigia afande simu. Mwite mama yako, mwende kituoni leo, si kesho."

* * *

Bi Hadija alikuja amejifunika khanga hadi machoni. Kituoni alijaribu kusema kwamba mtoto amechanganyikiwa. Kisha akamwona Samweli akipitishwa koridoni bila mkanda wala viatu, ndevu zimemwota, naye Samweli akamtambua Sabra na kumwamkia: "Hujambo, binti wa maji?" Bi Hadija akaishusha khanga kutoka usoni. Alipoulizwa tena alisema polepole, "Ni kweli, afande. Na mimi ndiye niliyeyachoma hayo matawi."

Afande aliandika yote. Kesho yake Samweli aliachiwa na kurudishiwa leseni. Tajiri alikuwa ameshampa mtu mwingine lile gari, ila alikubali kumpa jingine mwezi ujao.

Jumamosi Sabra na mama yake walikwenda hospitali kuomba radhi. Mwalimu alikuwa akifungashiwa vitu vyake, kwa kuwa ndugu zake walikuja kumchukua akapone kwao. Daktari alisema atatembea, lakini hatatembea kama zamani. Mtihani wa darasa la saba ungefanyika bila yeye.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema Sabra.

"Nitakusamehe. Nipe muda, ila nitakusamehe." Mwalimu alimvuta akae kitandani. "Nisikilize, maana hili ndilo somo langu la mwisho kwako mwaka huu. Ukikuta kitu kimewekwa njiani usikiguse kabla hujajua kimewekwa kwa ajili ya nani. Mimi nilikuwa nakuja, nawe hukuniona. Hilo la kwanza. La pili, kosa ni mzigo, Sabra. Usipoubeba mwenyewe hauanguki chini, humwelemea mwenzako. Wewe ulinyamaza siku nne, na siku nne hizo Samweli aliubeba peke yake, bila kujua ni wa nani. Ukweli wako haukuniunga mfupa. Lakini umempa mtu njia ya kurudi kwa watoto wake."

Bi Hadija, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.  Sabra aliushika mkono wa mwalimu, na mwalimu hakuuondoa.