Nepi Zenye Harufu ya Maua

Chakara, chakara. Kabla hapajapambazuka, pakiti ya nepi za kutupa ilisikika chumbani kama majani makavu yanayonong'ona. Chiriku, binti wa miaka kumi na mmoja aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, aliisikia akiwa nusu usingizini. Mama alikuwa akimbadilisha mtoto. Harufu ya maua ikasambaa gizani, naye Chiriku akaona kama kitanda chake kinaelea bustanini.

Kisha mtoto akalia, na bustani ikatoweka.

"Vipele vimezidi," mama alisema kwa sauti ya chini. "Maskini mwanangu! Ni yale mafuta ya bibi yenu tu. Sioni kingine."

Chiriku alijifunika shuka gubigubi. Yeye alikijua hicho kingine.

Wiki iliyopita mama, fundi cherehani, alikuwa na kazi nyingi, akamtuma dukani. "Chukua zile nyeupe, zisizo na manukato," alimwagiza. Lakini Chiriku alinusa pakiti moja baada ya nyingine, hata mwenye duka akacheka: "Wewe, unanunua nepi au unachagua maembe?" Akachukua zenye picha ya waridi. Nyumbani akasema zile nyeupe zimekwisha.

Vipele vilipotokea, lawama ilimwangukia bibi, aliyekuja kila alfajiri kumkanda mtoto na kumwimbia. Bibi hakugomba. Alifunga kichupa chake cha mafuta, akamfunika mtoto miguu vizuri, akasema, "Kama ni mimi, basi nipumzike kidogo." Siku nne sasa, nyumba haikuwa na wimbo.

Asubuhi hiyo wakaenda zahanati. Nesi alipasha viganja vyake joto kwanza, ndipo akamgusa mtoto.

"Mnampaka nini?"

"Mafuta ya bibi yake," mama alijibu. "Ila tumeyaacha siku nne, na bado anaungua tu."

Nesi aliinama, akanusa nepi. Mtoto, macho yamejaa machozi, alimnyooshea dada yake mkono kama kawaida. Chiriku akashindwa kuvumilia.

"Mama, si mafuta ya bibi. Ni mimi. Zile nyeupe zilikuwepo. Nilipenda harufu ya hizi."

Mama akasema polepole, "Nimemfukuza mtu mzima bure, Chiriku."

"Amesema mwenyewe, dada, tushukuru," nesi alimwambia mama. Akamgeukia Chiriku. "Nepi haichaguliwi kwa pua, mwanangu. Ngozi ya mtoto ni laini, na manukato yanaweza kuiwasha. Tafuta isiyo na manukato, inayomtosha, isiyombana mapajani. Tena harufu hiyo iliwadanganya. Mlikuwa mnajuaje kama amechafuka?"

"Tulikuwa tunachelewa kujua," mama alikiri.

"Basi mkagueni mara kwa mara, na akichafuka mbadilisheni hapo hapo. Msafisheni kwa maji, mkausheni taratibu, mwacheni apate hewa kidogo bila nepi. Nanyi mnawe mikono. Siku tatu zikipita bila nafuu, mnirudie."

Siku ya tatu vipele vilikuwa vimefifia. Mtoto alilala bila nepi juu ya kitambaa karibu na dirisha, akipiga miguu hewani kama anayeogelea ndotoni. Jioni, Chiriku na mama wakambeba hadi kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona Chiriku wangu leo umepoteza sauti?"

Chiriku alieleza yote, machozi yakimtiririka. Mama naye akaomba radhi. Bibi alimpokea mtoto, akazamisha uso shingoni mwa mtoto.

"Ananukia nini?" aliuliza.

"Hanukii kitu, bibi."

"Ananukia mtoto," bibi alisema, akatabasamu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Huyu hajui kusema, analia tu. Sisi ndio wa kumsemea ukweli. Ukikosea, sema mapema, kabla hajaumia yeye na kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Mimi nimekwisha kukusamehe."

Walipoaga, Chiriku alifika mlangoni, kisha akarudi mbio, akamshika bibi mkono.

"Bibi, kesho uje tena. Uje alfajiri, tuamke na wimbo wako."