Futi Mbili za Mahogani

Mbao zote arobaini zilikuwamo ghalani, na bado wizi ulikuwa umetendeka.

Inspekta Gorret alivuta utepe wa kupimia kwa mara ya tatu. Futi kumi na mbili. Stakabadhi ilisema kumi na nne.

"Zote ni fupi, Mchungaji. Jumamosi hamkuzipima?"

Mchungaji Yonasani alikuna kidevu. "Tulihesabu vipande, afande. Hapa Kasese mbao inahesabiwa tu. Arobaini ikaja, arobaini tukafungia."

"Nani amefungua tangu hapo?"

"Hakuna. Ni wewe tu, leo saa tano. Funguo iko mbili: moja yangu, moja ya fundi Fred, seremala wetu wa kanisa."

Gorret alichutama. Ncha zilizoelekea dirishani zilipakwa rangi nyekundu. Za upande wa ukutani zilikuwa tupu, na mti wake bado mbichi machoni.

Mbao hizo zilikuwa za viti vya kanisa. Aliyeziuza, Jean-de-Dieu, Mkongomani mwenye kibanda huko Bwera, alikuwa mahabusu tangu asubuhi. Kesho angefikishwa mahakamani. Mkewe, Marie-Louise, alikaa mlangoni pa kituo na sufuria ya chakula kilichokwisha kupoa. Gorret alimpita akitazama chini. Mfanyabiashara akishaitwa mwizi, nani atanunua kwake tena?

"Ulikata mbao?" alimuuliza mtuhumiwa.

"Hapana, afande. Mbao iliondoka Bwera na futi kumi na ine."

"Rangi ni ya nini?"

"Ya kuzuia mbao isipasuke. Nilipaka ku ncha zote mbili, na mikono yangu."

"Zote mbili?"

"Mutu anapaka moja namna gani? Ile ingine itapasuka!"

Gorret alifungua jalada. Maelezo ya mlalamikaji, fundi Fred, yaliandikwa saa mbili asubuhi: *Mkongomani ametuibia: ametuuzia mbao moja kwa shilingi elfu arobaini na mbili, yaani elfu tatu na mia tano kwa futi. Mimi niliwapa watu wa kanisa bei ya elfu tatu na mia tatu kwa futi, wakanikataa.*

Alichukua kalamu. Elfu arobaini na mbili kugawanya kwa kumi na nne: elfu tatu. Akagawanya tena kwa kumi na mbili: elfu tatu na mia tano.

Kalamu ikasimama. Saa mbili ghala lilikuwa bado limefungwa.

Alimkuta Fred karakanani kwake, akipiga randa.

"Karibu, afande. Yule mwizi amekubali?"

"Bado. Wewe ulizipima mbao lini?"

"Mimi? Sijapima."

"Basi ile elfu tatu na mia tano uliitoa wapi?"

"Nilichungulia dirishani. Jicho la fundi linatosha."

"Dirishani zinaonekana ncha tu, fundi. Urefu unaonwaje kwenye ncha?"

Randa ilisita.

"Jana mchungaji alikuwa wapi?"

"Kwenye mazishi, Maliba. Watu wote walikwenda."

"Na wewe?"

Fred aliinamia randa tena. Gorret aliingiza fimbo ndani ya lundo la maranda kwenye pembe. Ikagonga kitu. Alifukua vipande vya mahogani, futi mbili kila kimoja, ncha moja nyekundu. Alivihesabu kwa sauti mpaka arobaini.

Fred akaketi juu ya benchi lake.

"Miaka kumi na moja, afande! Madirisha ya kanisa lile ni yangu. Meza ya Bwana ni yangu. Halafu anakuja mtu wa ng'ambo ya mpaka, ati bei yake iko chini kwa mia tatu, na mimi natupwa kama takataka."

"Ukaona futi mbili zikipungua, bei yake itapita yako."

"Kwa mia mbili," alisema Fred polepole. "Nikasema, watapiga hesabu wenyewe, watarudi kwangu."

"Na yeye angefungwa."

"Huyo sikumfikiria. Kweli, sikumfikiria kabisa."

Gorret alielekeza fimbo kwenye vipande. "Ungevichoma hivi, nisingekuwa na kielelezo."

Fred aliokota kipande, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Mahogani kama hii, afande? Fundi gani anaweza kuichoma?"

Inspekta alitoa pingu. Kisha, kabla ya kuzifunga, alimpigia simu askari wa zamu.

"Mfungulie Mkongomani. Na mwambie mkewe apashe kile chakula."